Upande wa Pili wa Waya: Mhadhara Kuhusu Themokapo na Fidia ya Kiungo Baridi



Ukiingia chumba cha udhibiti cha kiwanda cha saruji, iwe Wazo Hill, Tanga au Mombasa, utakuta skrini zimejaa namba za joto. Gesi ya tanuri inayopanda kwenye mnara wa kupashia unga wa mawe hupimwa ngazi kwa ngazi: chini kabisa nyuzi mia nane na zaidi, juu kabisa mia tatu na kitu. Walio zamu huongeza moto au huupunguza kwa kuzitazama namba hizo, kwa kuwa hakuna anayeweza kwenda kutia mkono.

Nyingi ya namba hizo hutoka kwenye themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Na hoja yangu jioni hii ni fupi. Themokapo haijui joto la kitu. Inachojua ni tofauti ya joto kati ya ncha yake moja na nyingine. Ile 800 inayosomeka kwenye skrini ni jumla ya vipimo viwili: kimoja kimefanywa na nyaya zilizo motoni, na kingine kimefanywa na kifaa kidogo sana kilichofungwa nyuma ya paneli, karibu na skrubu ambazo nyaya zinaishia. Namba ikitiliwa shaka, watu hukimbilia kipimo cha kwanza. Hubadilisha nyaya, humlaumu muuzaji, husimamisha tanuri. Kile cha pili hakuna anayekitazama. Mimi nitakaa nacho leo.

Thomas Johann Seebeck alizaliwa mwaka 1770 huko Reval, mji ambao leo ni Tallinn, mji mkuu wa Estonia, lakini kazi yake kubwa aliifanyia Berlin. Mwaka 1821 aliunganisha shaba na bismathi zikawa pete, akaweka sindano ya dira ndani ya pete hiyo, kisha akapasha kiungo kimoja. Sindano ikageuka. Seebeck akahitimisha kwamba joto limeigeuza metali kuwa sumaku, na hakuishia hapo: akafika kudhani kwamba hata usumaku wa dunia unatokana na tofauti ya joto kati ya ikweta na ncha za dunia. Hans Christian Ørsted wa Denmark, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameonyesha kwamba mkondo wa umeme unaigeuza sindano ya dira, ndiye aliyetambua kuwa ndani ya pete ile kulikuwa na umeme unaozunguka. Seebeck hakuukubali ufafanuzi huo. Hata hivyo jina lililobaki vitabuni ni lake, kwa jambo aliloliona kwa macho yake na kulieleza kombo. Sayansi ina ukarimu wa namna hiyo mara mojamoja.

Aliyeipa pete ile kazi ya maana kwanza alikuwa Georg Ohm. Betri za wakati huo zilikuwa zinayumba, na mtu hawezi kutafuta kanuni ya mkondo kwa chanzo kinachobadilika kila dakika. Kwa hiyo mwaka 1826 Ohm alitumia bismathi na shaba: kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka, cha pili kwenye barafu. Volteji ikatulia, naye akaipata kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huikariri. Naomba muikumbuke ile barafu. Ohm hakuiweka kwa mapambo. Bila ya kuushikilia upande wa pili mahali pamoja, upande wa kwanza haukuwa na maana yoyote.

Kutoka hapo hadi kwenye tanuri za viwandani ilipita miaka sitini. Wafinyanzi na wasubu chuma walihitaji sana kipimo cha moto mkali, na walichokuwa nacho kilikuwa cha kubahatisha. Josiah Wedgwood, mfinyanzi mkubwa wa Uingereza, mwaka 1782 alitangaza kipimo kilichotegemea kusinyaa kwa vipande vya udongo ndani ya tanuri. Kwa kipimo hicho chuma cha kusubu kilionekana kuyeyuka kwenye nyuzi 17,977 za Farenhaiti, yaani karibu 10,000 za Selsiasi. Ukweli ni karibu 1,200. Aliyewatoa watu gizani ni Henri Le Chatelier wa Ufaransa, yuleyule wa kanuni ya mizania ya kikemia. Mnamo 1886 na 1887 alionyesha kwamba waya wa platini ukiunganishwa na waya wa platini iliyochanganywa na asilimia 10 ya rodi hutoa volteji inayotegemeka hata kwenye moto mkali. Themokapo hiyo bado inauzwa leo kwa jina la aina ya S, na kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa chombo rasmi cha kimataifa cha kupimia joto hadi kiwango cha kuyeyuka kwa dhahabu, mpaka mizani mpya ya mwaka 1990 ilipoipa sehemu kubwa ya kazi hiyo themomita ya ukinzani wa platini.

Sasa tuingie ndani ya waya.

Wengi tumefundishwa kwamba volteji inazaliwa kwenye kiungo, pale nyaya mbili zinapokutana. Si kweli, na dhana hii imegharimu watu fedha nyingi. Chukua waya mmoja tu, wa metali yoyote, upashe ncha moja na uache ya pili ipoe. Chaji zilizomo ndani husogea, na kati ya ncha mbili hutokea volteji ndogo. Ukubwa wake na mwelekeo wake hutegemea metali. Ukitaka kuipima kwa mita yenye nyaya za metali hiyohiyo hutaona kitu, maana nyaya za mita nazo zinapita kwenye tofauti ileile ya joto na kuzalisha volteji ileile iliyoelekea kinyume. Ndiyo sababu metali ziwe mbili: unachosoma ni tofauti kati ya volteji ya waya mmoja na ya mwenzake. Umeme unazaliwa njiani, kila mahali ambapo joto linabadilika kadiri unavyoufuata waya. Kiungo kazi yake ni kuzifunga ncha pamoja tu.

Kutokana na hilo mambo mawili yanafuata. La kwanza ni la kufurahisha: kiungo unaweza kukichomelea, kukilehemu kwa metali ya tatu, au hata kukibana kwa skrubu, na kipimo hakitaharibika mradi sehemu yote ya kiungo iko kwenye joto moja. La pili halifurahishi. Themokapo iliyokaa miaka ndani ya tanuri huharibika kwenye waya, hasa pale inapopenya ukuta, ambapo joto linashuka kutoka mia nane hadi sitini ndani ya shubiri moja au mbili. Pale ndipo karibu umeme wote unapozalishwa. Fundi akiivuta themokapo kama hiyo ikatoka sentimita kumi, sehemu nyingine ya waya inaingia kwenye mteremko wa joto, na namba inabadilika ingawa tanuri halijabadilika. Anayeamini kwamba kila kitu kiko kwenye kiungo atakisugua kile kiungo mpaka magharibi asione kasoro.

Themokapo inayotumika kuliko zote ni aina ya K: waya mmoja wa nikeli yenye asilimia 10 ya kromi, na mwingine wa nikeli yenye alumini, manganizi na silikoni kidogo. Hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ni umeme mdogo mno. Tofauti ya nyuzi elfu nzima inakupa milivolti 41.276 tu, ilhali betri ya rimoti ina milivolti 1,500. Majedwali ya kimataifa yanaorodhesha volteji hizo nyuzi kwa nyuzi, na juu ya kila jedwali pameandikwa sharti ambalo watu huliruka: ncha ya pili iwe kwenye sifuri ya Selsiasi.

Mtu akikwambia amepanda mita 1,400 kutoka alipoanzia, bado hujui yuko wapi. Kama alianzia ufukweni Tanga, yumo Lushoto. Kama alianzia Moshi mjini, yumo ndani ya msitu wa Kilimanjaro. Ndivyo themokapo inavyozungumza. Inakupa kimo cha kupanda, nawe inakubidi ujue mwanzo wa safari. Na ninaposema kutafuta joto kamili jioni hii, nina maana hiyo tu: joto lenyewe la kitu, kwa Selsiasi au kwa kelvini upendavyo, badala ya tofauti yake na joto la kitu kingine.

Zamani mwanzo wa safari ulikuwa barafu, na katika maabara za upimaji bado ni barafu. Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana. Ijaze barafu ya maji safi iliyosagwa, kisha mimina maji safi kiasi cha kujaza nafasi zilizobaki. Tumbukiza ncha za pili za themokapo zikiwa ndani ya mirija myembamba ya kioo, uzishushe hadi katikati ya barafu. Ukifanya hivyo kwa uangalifu utapata sifuri yenye kosa la elfu chache za nyuzi, kwa gharama ya barafu ya shilingi mia tano. Sijui kipimo kingine kinachotoa usahihi wa namna hiyo kwa bei hiyo. Lakini barafu ina hila zake. Iliyotoka kwenye friza sasa hivi, kavu na inayonata vidoleni, iko chini ya sifuri, ngoja ilowe. Na ukiiacha ielee juu huku maji yamebaki chini, ncha zako zitakuwa kwenye maji ya nyuzi nne, kwa sababu maji huwa mazito kuliko wakati wote kwenye joto hilo na huzama.

Kiwandani hakuna wa kusaga barafu kila asubuhi. Kwa hiyo wahandisi wakasema: ikiwa hatuwezi kuushikilia upande wa pili kwenye sifuri, basi tuupime ulipo, tuongeze kinachopungua. Hiyo ndiyo fidia ya kiungo baridi. Vipimo vya zamani vya mshale vilikuwa na springi ya metali mbili iliyousogeza mshale kadiri chumba kinavyopata joto. Baadaye ikaja saketi yenye kikinza cha shaba au nikeli iliyoongeza milivolti zinazokosekana. Leo kazi hiyo hufanywa na themista, au dayodi iliyo ndani ya chipu, na hesabu inafanywa na programu.

Hesabu yenyewe nitaiandika ubaoni, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Tuseme tuna tanuri ambalo kweli liko kwenye nyuzi 1000, na tunapima kwa themokapo ya S. Skrubu za kipimo ziko kwenye nyuzi 30, joto la kawaida la karakana ya Dar es Salaam. Jedwali linasema 1000 ni milivolti 9.587 na 30 ni milivolti 0.173. Kwenye skrubu, kwa hiyo, tutapata 9.587 kutoa 0.173, yaani 9.414. Fundi asiye na fidia ataitafuta 9.414 kwenye jedwali na kukuta karibu 985. Mwenzake mjanja atamwambia: ongeza zile 30 za chumba. Atapata 1015. Wote wawili wamekosea, tena kwa kiasi kilekile, mmoja chini na mwingine juu.

Kosa la huyu mjanja ni kujumlisha nyuzi badala ya volteji. Aina ya S hutoa mikrovolti karibu 6 kwa nyuzi moja ikiwa kwenye joto la chumba, lakini karibu 11.5 ikiwa kwenye nyuzi 1000. Nyuzi 30 za chumbani haziwezi kuhesabiwa sawa na nyuzi 30 za motoni. Njia sahihi ni kuligeuza joto la skrubu kuwa milivolti kwa jedwali, kujumlisha milivolti na milivolti, kisha kuigeuza jumla kuwa nyuzi. Ni hatua tatu ambazo haziruhusu njia ya mkato. Kwa aina ya K ule ujumlishaji wa kizembe mara nyingi hauumizi, kwa sababu mstari wake umekaribia kunyooka. Na hiyo ndiyo hatari yake: mtu anaizoea hesabu mbovu kwenye K, kisha anaipeleka kwenye S.

Wanafunzi wanaojenga vifaa vyao kwa bodi ndogo za Arduino wataijua chipu ya MAX31855, inayofanya fidia yenyewe na kutoa namba iliyo tayari. Ni chipu nzuri, lakini someni karatasi yake ya maelezo. Ile ya aina ya K huichukulia themokapo kana kwamba ni mstari ulionyooka wa mikrovolti 41.276 kwa nyuzi. Skrubu zikiwa kwenye 25, tanuri la nyuzi 500 litasomeka 501, na la 1000 litasomeka 1001. Utasema hakuna neno. La 800 litasomeka karibu 807. Kifaa hakijaharibika. Ukitaka ukweli, chukua ile namba, toa joto la skrubu, kinachobaki kirudishe kuwa milivolti kwa kigawo chao, kisha ufuate zile hatua tatu kwa jedwali halisi.

Turudi kwenye mnara wa saruji, maana huko ndiko makosa ya fidia yanakoonekana kwa ukubwa wake. Themokapo haifiki yenyewe chumba cha udhibiti. Inaishia kwenye kisanduku kilichofungwa ukutani mwa mnara, na kutoka hapo kuna kebo ndefu. Kisanduku kimekaribiana na bomba la moto na kinapigwa na jua, kwa hiyo si ajabu kikawa na nyuzi 60. Chumba cha udhibiti kina kiyoyozi, nyuzi 22. Kebo inayounganisha sehemu hizo mbili lazima iwe ya metali zenye tabia ileile ya themokapo, ili upande wa pili usogezwe kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye kipimo. Kebo hiyo ni ghali. Ikikatika usiku, na stoo haina, kuna mtu atakayevuta waya wa kawaida wa shaba. Taa itawaka, namba itaonekana, zamu itaendelea.

Hebu tuone namba hiyo. Gesi iko kwenye 800, sawa na milivolti 33.275. Shaba sasa inaanza kwenye kisanduku, kwa hiyo upande wa pili halisi umebaki huko kwenye nyuzi 60, sawa na milivolti 2.436. Kinachofika ni 30.839. Kipimo kinaongeza fidia ya mahali kilipo, nyuzi 22, milivolti 0.879, na kupata 31.718. Skrini itasema karibu 762. Nyuzi 38 zimepotea, yaani ile ile tofauti kati ya mnara na chumba chenye kiyoyozi. Mbaya zaidi, kosa hilo halikai mahali pamoja. Mvua ikinyesha kisanduku kinapoa na gesi inaonekana kama imepanda joto. Jua likiwaka inaonekana kama imeshuka. Mwendeshaji atakuwa anayafuata mawingu bila kujua.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo, la kugeuza kebo sahihi: chanya kwenye hasi, kwenye kisanduku na kwenye kipimo pia. Kwa sababu imegeuzwa mara mbili, namba inapanda joto linapopanda, na kila mtu anaridhika. Lakini kebo sasa inatoa badala ya kuongeza, na kosa linakuwa maradufu. Kwa mfano wetu, skrini itasema karibu 725.

Na kugeuza ni rahisi kuliko mnavyodhani, kwa sababu ya rangi. Kwa mfumo wa kimataifa, kebo ya aina ya K ni ya kijani, yenye waya wa kijani ambao ni chanya na mweupe ambao ni hasi. Kwa mfumo wa Marekani ni ya njano. Waya wa njano ni chanya, na mwekundu ni hasi. Ndiyo, mwekundu ni hasi, kwa aina zote. Kwa mfumo wa zamani wa Ujerumani mwekundu ni chanya. Kwa ule wa zamani wa Uingereza K ilikuwa kahawia na buluu. Na kebo ya kijani ya Kimarekani si ya K hata kidogo, ni ya zile za platini. Viwanda vyetu vimejengwa kwa mitambo iliyotoka kila upande wa dunia, kwa hiyo mifumo hiyo unaweza kuikuta ndani ya paneli moja. Fundi umeme hodari, aliyezoea kwamba nyekundu ni chanya, ndiye atakayeharibu upesi kuliko mwanagenzi anayeuliza. Kwa aina ya K kuna njia ya kujihakikishia bila rangi: waya hasi huvutwa kidogo na sumaku, na chanya hauvutwi.

Nimesema kuna kifaa kidogo kinachopima joto la skrubu. Kina deni moja tu, kuwa kwenye joto lilelile la skrubu, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Transfoma ya kipimo iko pembeni inatoa joto. Feni inapuliza upande mmoja. Mlango wa paneli ukifunguliwa hewa ya baridi inagonga skrubu kwanza, na kifaa kinachelewa dakika kadhaa. Vipimo vizuri hufunga skrubu zote juu ya kipande kizito cha shaba au alumini ili joto lake lisambae sawa, na kukifunika. Vya bei ndogo huweka dayodi ndani ya chipu upande wa pili wa bodi na kutumaini. Kwa aina ya K, nyuzi mbili za kosa hapo ni takriban nyuzi mbili za kosa kwenye jibu, hata kama themokapo yenyewe umeinunua kwa bei ya dhahabu.

Jaribio la kugundua kosa hilo halihitaji tanuri wala maabara. Toa nyaya za themokapo, kisha unganisha skrubu mbili kwa kipande kifupi cha waya wa shaba. Volteji inakuwa sifuri, kwa hiyo kipimo kinabakiwa na fidia peke yake, na kinapaswa kuonyesha joto la skrubu zake. Weka themomita unayoiamini pembeni, funga mlango, subiri nusu saa, linganisha. Kikionyesha 41 na themomita inasema 33, umeshapata nyuzi nane ulizokuwa unazitafuta ndani ya tanuri.

Jaribio hilohilo linaeleza ajali moja ambayo kila kiwanda kingepaswa kuiogopa. Waya ukikatika kabisa, kipimo kizuri hutambua na kupaza kengele. Lakini panya wakitafuna kebo, au plastiki ikayeyuka na nyaya zikagusana njiani, hakuna kilichokatika. Kiungo kipya kimezaliwa mahali hapo, na kipimo kinaonyesha kwa uaminifu joto la mahali hapo, tuseme nyuzi 35. Mtambo wa kudhibiti unadhani tanuri limezimika na unaongeza moto. Kwa hiyo tanuri la maana huwekewa kipimo cha pili, chenye kebo yake na njia yake, ambacho kazi yake ni kuzima tu.

Si kila themokapo inahitaji haya. Jiko la gesi lenye kinga ya moto lina themokapo iliyogusa mwali, na milivolti zake chache hushikilia sumaku-umeme inayoacha vali wazi. Mwali ukizimika, vali inajifunga, bila betri wala jedwali. Na kwa moto mkali sana ipo aina ya B, platini yenye asilimia 30 ya rodi dhidi ya platini yenye asilimia 6, ambayo kati ya sifuri na nyuzi 50 haitoi hata mikrovolti tatu. Joto la skrubu liwe la Mufindi au la Mombasa, yenyewe haijali. Wanaopima nyuzi 1500 huipenda kwa sababu hiyo.

Upande wa baridi kali mambo yanageuka. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River, Arusha, kama vituo vyote vya aina yake, hutunza mbegu za ng'ombe ndani ya naitrojeni kimiminika, karibu hasi 196. Mwanafunzi akitaka kutengeneza kengele ya mtungi wa namna hiyo, kitu cha kwanza atakachoshika ni themokapo ya K, kwa kuwa ipo kila duka. Kwenye baridi hiyo waya huo hutoa mikrovolti karibu 16 tu kwa nyuzi, huku kwenye skrubu, joto la chumba, ukitoa 40. Kwa hiyo kila nyuzi moja ya kosa kwenye fidia inakuwa nyuzi mbili na nusu kwenye jibu. Na akitumia ile chipu ya mstari ulionyooka, skrubu zikiwa kwenye 25, mtungi uliojaa vizuri utasomeka karibu hasi 140, na kengele italia usiku kucha.

Kwa kazi hiyo, na kwa maziwa, na kwa kikaushio cha majani ya chai, na kwa karibu kila kitu kilicho chini ya nyuzi 400 kinachohitaji usahihi wa nyuzi moja, ushauri wangu ni kuiacha themokapo kabisa. Tumieni Pt100, kikinza cha platini chenye omu 100 kwenye sifuri na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Hutumia nyaya za shaba za kawaida, tatu au nne, na hakina upande wa pili wa kuulizia. Mkikijaribu kwa maji yanayochemka, kumbukeni tu kwamba Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 na kidogo, si 100.